Toa Kwanza

Mama Odile alizikwa mwezi jana kule Kanada, kwenye theluji, na mimi nilihudhuria mazishi yake kwa simu nikiwa Lodwar, nimekaa mbele ya feni huku jasho likinitiririka mgongoni. Picha ilikuwa inakatika kila mara. Niliona makoti meusi, nikaona jeneza, halafu nikaona uso wangu mwenyewe kwenye kona ya kioo cha simu, umezeeka kuliko nilivyodhani. Waliimba wimbo aliotufundisha kambini Kakuma, lakini waliuimba polepole mno, na nilitamani kuwafokea wauchangamshe. Yeye angewafokea. Simu ilipozima nilibaki nimeishika mkononi, nikiogopa kuiweka chini, kama vile nikiiweka ndipo atakuwa amekufa kweli.

Jumamosi iliyofuata nilienda kwenye darasa la yoga. Ndiyo, Lodwar siku hizi ina darasa la yoga, kwenye ukumbi wa hoteli moja, asubuhi kabla jua halijakuwa kali, na mwanafunzi mzee kuliko wote ni mimi. Daktari ndiye aliyenituma huko kwa sababu ya mgongo. Wenzangu ni wasichana wa mashirika ya misaada na vijana wa ofisi za kaunti, wamevaa suruali za kubana na wana mikeka ya mpira yenye rangi za peremende. Mwalimu wetu ni kijana wa Lorugum anayeitwa Ekai, aliyejifunzia kazi hiyo Nairobi. Siku hiyo alikuja na kitabu, akakiinua juu ili sote tukione. "Hiki ndicho kilianzisha mambo mengi," akasema. "Maisha ya mwalimu mmoja wa India, ameandika mwenyewe. Watu wa Ulaya na Amerika walikisoma, ndio wakaanza kutafuta hii yoga. Bila huyu mzee, mimi saa hii ningekuwa nauza simu." Wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, miguu nimeinyoosha mbele na mgongo wima, kama alivyotuagiza, na nikashuku kwamba kitabu kile nakijua. Nikamuuliza, "Umefika pale kwenye mto?" Akanitazama. "Mto gani, mwalimu? Nimesoma mwanzo tu. Iko na maombi mingi sana." Akanipa nikitazame. Kwa mara ya kwanza nikaona jina la kitabu kile na sura ya mwenyewe kwenye jalada. Sikupenda vyote viwili. Kitabu nilichokijua mimi hakikuwa na jalada wala jina.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa tisini na nane. Nilikwenda Kakuma kufundisha shule ya msingi kambini, nikiwa bado na wino wa chuo vidoleni, na njiani, tulipopita Kainuk, basi letu lilipigwa risasi. Hakuna aliyekufa. Ninalisema hilo haraka kwa sababu wakati ule kila mtu aliniambia hivyo, hakuna aliyekufa, mwalimu, shukuru Mungu, na mimi nikashukuru. Lakini tangu siku ile pumzi yangu ilikuwa imeharibika. Nikisikia injini ya lori, nikisikia bati linalogongwa na upepo, kifua kilikuwa kinafunga, navuta hewa na haingii, navuta tena, vidole vinakufa ganzi. Nililala na taa. Nilikula nikiwa nimekaa karibu na mlango. Na mwalimu mkuu alikuwa ametuambia sisi wageni, bila ukali wowote, kwamba mwisho wa muhula wa pili tungekwenda Lodwar kuhojiwa kwenye ofisi ya elimu, na asiyefika arudi kwao. Kwetu sikuwa na cha kurudia. Basi mwaka mzima ulikuwa na swali moja tu kwangu: nitapanda gari la kwenda Lodwar, au sitapanda? Niliamka nalo na kulala nalo. Nikiwa ubaoni naandika tarehe, nilikuwa nahesabu kichwani muhula umebaki kiasi gani.

Ilinishika darasani siku moja, mbele ya watoto. Nilishika ukuta, nikateremka hadi chini nikiwa nimefumbua mdomo. Mama Odile alikuwa anafundisha darasa la jirani. Alikuwa Mkongomani aliyefika kutoka Uvira na binti yake mdogo, Neema. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke mnene wa sauti nene, kiongozi wa kwaya ya kanisa lao. Aliingia, akawatoa watoto nje waimbe, akachuchumaa mbele yangu. Hakuniambia nishukuru Mungu. Aliniambia, "Uko navuta, uko navuta. Tumbo imejaa. Utaweka wapi ingine? Toa kwanza." Nikatikisa kichwa kwamba siwezi. "Toa kwanza, mutoto wangu. Ile ingine itakuja yenyewe." Nikatoa. Ilitoka kidogo, kwa kutetemeka, kisha ikatoka nyingi, na ile nyingine ikaja yenyewe kweli. Nililia kwa aibu mpaka kamasi. Yeye akanipangusa kwa ncha ya kitenge chake, akasema mchana niende kwake kula.

Chumba chake nakikumbuka kuliko vyumba vyote nilivyolala maishani. Kuta za tope, paa la mabati lililofunikwa turubai, kitanda cha kamba, na kamba nyingine ya nguo iliyokigawa chumba mara mbili ili Neema apate faragha yake. Alikuwa amepika maharagwe na majani ya kunde, na majani yale akayaita sombe, kisamvu cha kwao, kwa kujifariji tu. Tulikula kwa sinia moja. Baada ya kula alitoa kitabu chini ya mto wa kulalia. Kilikuwa cha Kifaransa, kimechanika jalada pamoja na kurasa za mwanzo, kimevimba kwa maji ya mvua za safari. Sista mmoja aliyemfundisha utotoni alimpa, naye akatembea nacho katikati ya unga na nguo za mtoto, akijiuliza kila jioni kama akitupe apunguze mzigo. Aliyekiandika alikuwa mtu wa India aliyekuja kuwa mwalimu wa mambo ya roho, lakini alianza kama karani mwoga ambaye hakuweza kuvuka mto. Mama Odile alinitafsiria papo hapo, kidole kikitembea kwenye mstari. "Anasema ivi: mashua ilikuwa pale, batu bote bameingia, yeye amesimama ku mchanga, magoti inatetemeka. Mwalimu yake anamuuliza, umebeba nini? Anasema, sina kitu. Anamwambia, umebeba pumzi. Irudishe. Toa kwanza." Akafunga kitabu, akanitazama. "Unaona? Ule naye alikuwa na Kainuk yake."

Tukaanza hapo. Kila asubuhi kabla ya kengele nilipita kwake, na tulikaa nje ya mlango wake kwenye kivuli chembamba cha ukuta, tukitoa pumzi ndefu, tukingoja, tukiiacha nyingine iingie. Sasa nikimsikiliza Ekai akitutajia majina ya mikao, paka, mti, shujaa, huwa najiuliza mzee yule wa India angesema nini. Kwenye kitabu chake mazoezi ya viungo yametajwa kwa nusu ukurasa tu, kama mtu anayekumbushwa kunawa mikono kabla ya chakula. Kurasa zingine zote ni Mungu, njaa, kufiwa, kufagia ua wa mwalimu wake, hofu. Dunia imechukua ile nusu ukurasa ikaifanya karamu. Silaumu, mgongo wangu umepona kwa nusu ukurasa hiyo. Lakini hofu bado ipo, na wale wasichana wa mashirika, nikiwatazama wamelala chali mwisho wa kipindi, naona vifua vyao vinavuta vinavuta.

Neno moja tulilolishika sana ni kwamba mgongo usimame. Hapo ndipo tulipojitafutia balaa. Magoti ya Mama Odile yalikuwa yameharibika kwa kutembea, hakuweza kukunja miguu. Siku moja kijana wa Kiturkana alipita na ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho wazee wa Kiturkana hutembea nacho kila mahali. Mama Odile akampa unga, akakichukua. Kilimfaa ajabu. Akawa anakikalia kila asubuhi pale nje, mgongo wima, macho amefumba, mikono magotini, mbele ya njia ambayo watu wote walipita kwenda bombani. Mimi nilikaa kwenye gunia kando yake nikiwa siwezi kufumba macho vizuri, maana watu walikuwa wanatutazama.

Mwaka ule nchi nzima ilikuwa inaongea juu ya waabudu shetani. Ilikuwa redioni, ilikuwa magazetini, na kambini ilifika ikiwa imenenepa. Bombani nilisikia mwanamke akimwambia mwenzake, bila kujua niko nyuma yao na ndoo yangu, "Yule mama wa kwaya anaita nyoka na pumzi. Na ule mwalimu wa Kenya ndiye anashika mkia." Nilirudi bila maji. Siku zile zile wanaume wa Kiturkana wakaanza kusimama nje ya ua wa miiba, fimbo mabegani, wakituangalia tulivyokaa. Walinong'onezana, wakaondoka. Kesho yake wakarudi, wameongezeka. Nikajua hadithi ya nyoka imevuka ua. Nilikuwa nimesikia jinsi ugomvi kati ya wenyeji na wakimbizi unavyoanza, kwa jambo dogo la kuni au mbuzi, na jinsi unavyoisha. Nikamwomba Mama Odile tufanyie ndani. Akasema ndani ni jiko la mkate. Nikamwomba tuache kabisa. "Ukiacha, Lodwar utaenda na nini?" akaniuliza. Nilikuwa naogopa kuendelea na naogopa kuacha, na usiku nililala nimevaa viatu.

Aliyekuja mwishowe alikuwa mwanamke. Aliitwa Nakiru, mtu mzima, shanga zimejaa shingoni hadi kidevu kinainuka, na nyuma yake alikuwa anamkokota yule kijana wa unga. "Ejok," akatusalimu. "Ejok," tukajibu, mimi kwa sauti ya panya. Hakutazama kitabu. Hakuuliza nyoka. Alinyoosha kidole chini ya Mama Odile. "Hiyo ni ya mzee yangu. Hii kijana iliiba. Mzee analala juu yake, anaweka kichwa hapo. Wewe mwanamke, unakalia mahali ya kichwa ya mzee!" Mama Odile aliruka kwa magoti yale yale mabovu. "Mungu wangu! Pardon, mama, pardon." Akakipangusa kigoda kwa kitenge, mbele, nyuma, chini, akampa kwa mikono miwili. Hatukujua. Hakuna mwanamke wa pale anayekikalia, na kila mtu alijua isipokuwa sisi wawili tuliokaa hapo kila asubuhi mbele ya watu. Wale wanaume waliokuwa wanasimama nje ya ua walikuwa wanabishana nani atamwambia mama mgeni jambo la aibu kama lile, na kila mmoja alimsukumia mwenzake.

Nakiru alipoona jinsi tulivyotetemeka alianza kucheka, akacheka mpaka shanga zikalia. Mama Odile akamtilia chai, sukari nyingi, akamuuliza, "Sasa mwanamke anakaa namna gani?" Nakiru akaketi chini, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake, mgongo umesimama kama mlango. "Hivi." Basi tukakaa hivyo, watatu, miguu mbele. Magoti ya Mama Odile hayakuuma. Tangu siku hiyo Nakiru alipita mara kwa mara kunywa chai, akitafuna tumbaku na kututazama tukitoa pumzi. "Nyinyi mnafundishwa kupumua?" aliniuliza. "Huko kwenu watu wanakufa?" Mimi nilicheka, kicheko changu cha kwanza tangu Kainuk, lakini hofu haikuondoka. Ilihama tu.

Ilihamia kwa Katekista Delphin, Mkongomani mwenzake Mama Odile aliyekuwa mkubwa wa kanisa lao. Alikuwa mtu mwembamba, shati limefungwa vifungo hadi kooni hata kwenye joto lile. Alikuja karibu na mwisho wa muhula, akatukuta sote tumekaa chini, akabaki amesimama.

"Mama Odile, batu banaongea."

"Batu banaongea kila siku, Katekista. Ikala, kunywa chai."

"Kitabu kile kiko ya bapagano."

"Kiko ya mutu aliyeogopa maji."

Hakukaa. Alisema atakipeleka Lodwar kwa padri akitazame, na mpaka padri aseme, Mama Odile asithubutu kusimama tena mbele ya kwaya. Nilingoja agombane. Mwanamke yule kwaya ilikuwa ndiyo nyumba yake, ndiyo ukoo wake wote uliobaki. Aliingia ndani, akarudi na kitabu kimefungwa kwenye kitambaa safi, akampa. Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia katekista. Alipoondoka nikamwambia tumebaki na nini sasa, na siku za Lodwar ndizo hizi, na hata mwisho wa kitabu hatujaufikia. "Mwisho?" akasema. "Mwisho iko na sinema na makofi, watu ya Ulaya banamupigia. Haiko ya maana." Akaninyooshea miguu kwa mikono yake mwenyewe, kama mtoto, na tukaendelea.

Siku ya safari sikunywa hata chai. Gari lilikuwa pikapu iliyofunikwa turubai, katika msafara wa magari yenye askari mbele. Nilisimama nyuma ya pikapu na mkono wangu haukutaka kushika chuma. Dereva akapiga honi. Mama Odile alikuwa amenisindikiza, na hakunishika, hakunisukuma, alisema tu maneno yake mawili. Nikatoa. Nikapanda. Mabenchi yalikuwa yamejaa magunia, nikakaa sakafuni, miguu mbele. Nilipoinua macho nikamwona Katekista Delphin kwenye kona, begi amelikumbatia, na nikajua kilichomo.

Mbali kidogo kabla ya Lodwar tulikuta laga, mto ule ambao siku zote ni mchanga, umejaa maji mekundu kutoka milimani. Msafara ukasimama. Injini zikazimwa, na katika ule ukimya wakatokea watu vichakani, na kila mmoja alikuwa na bunduki. Askari wakashuka. Mtu fulani akasema, "Tulieni, msiinuke." Kifua changu kikafunga. Nilijua kila hatua yake, vidole, midomo, giza pembeni mwa macho. Nikasikia ile sauti, mtu anavuta, anavuta, na ikanichukua muda kuelewa kwamba haikuwa yangu. Ilikuwa ya katekista. Kifungo cha kooni kilikuwa kinampanda na kushuka, macho yamemtoka. Sijui alikuwa anaona mto gani, wa wapi, na nani alibaki ng'ambo. Sikuwa jasiri, na bado nilikuwa nimemkasirikia. Lakini nilimvuta kwa shati akakaa sakafuni, nikamnyooshea miguu kama nilivyonyooshewa, nikamwambia, "Toa kwanza, Katekista." Akatikisa kichwa. "Toa. Ile nyingine itakuja yenyewe." Nikatoa mimi ili asikie inavyotoka, kwa kutetemeka, mbaya, na akatoa. Tukatoa pamoja mara nyingi, magoti yetu yakigusana, mpaka nje tukasikia kicheko. Wale watu walikuwa wachungaji, mbuzi wao walikuwa ng'ambo, na walitaka kujua kama sisi tumesikia mvua huko tulikotoka. Wakakaa nasi kivulini kungoja maji yapungue, wakaomba tumbaku.

Lodwar, kwenye ofisi ya elimu, waliniuliza jina langu na somo ninalopenda kufundisha, wakasema asante, mwingine aingie. Nilitoka nje nikitaka kumpiga mtu: miezi yote ile ya hofu kwa maswali mawili. Katekista nilimwona kwenye hoteli ya chai karibu na stendi, begi limelala magotini, kitabu kimefunguliwa juu ya begi, chai yake imepoa. Hakuniona. Jumapili iliyofuata alimwambia Mama Odile asimame tena mbele ya kwaya, kwa kuwa yeye padri hakumkuta. Kitabu hakikurudi. Mimi nilitaka tukakidai, Mama Odile akakataa. "Acha asome. Ule naye ako naogopa maji."

Kitabu cha Ekai niliomba nikae nacho siku mbili. Nilitafuta mto, nikaupata, mashua ipo, mchanga upo, karani anatetemeka, mwalimu wake anamtazama. Lakini kwenye ukurasa ule mwalimu hasemi neno. Anamshika mkono tu na wanavuka. Nilisoma kurasa za mbele na za nyuma, nikasoma kitabu kizima, na "toa kwanza" haimo popote. Ekai anasema huenda kile cha Kifaransa kilitafsiriwa vingine. Huenda. Mimi ninamwona Mama Odile na kidole chake kwenye mstari, akinitazama pembeni mwa jicho kuona kama nimeamini.

Kuna jambo nimelizungukia tangu mwanzo. Kabla ya mazishi Neema alinipigia simu kutoka hospitali. Ilikuwa mchana kwangu. Alisema mama hazungumzi tena, lakini anasikia, na anahangaika sana, madaktari wamejaribu yote. Alisema, "Mwalimu, ongea naye wewe," akamwekea simu sikioni. Nikaisikia ile sauti. Anavuta, anavuta, anavuta. Niliogopa kama sijawahi kuogopa, hata Kainuk. Niliketi chini kwenye saruji ya sebule yangu, nikanyoosha miguu, mgongo wima, nikaongea kwa Kiswahili chake. "Mama Odile. Tumbo imejaa. Toa kwanza, mama. Ile ingine itakuja yenyewe." Kisha pumzi ikatoka, ndefu, taratibu, bila kutetemeka, ndefu kuliko zote tulizowahi kuzitoa pale mlangoni kwake. Nikangoja ile nyingine. Upande wa pili Neema naye alikuwa anangoja.